Kadi za sikukuu za marehemu mjomba: kwa nini zimeandikwa juu ya picha, na yule mwenye pembe ni nani?

Swali: “Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi melini kwa miaka mingi, ametuachia albamu yenye kadi za posta 64 za sikukuu: Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na nyingine tusizozijua. Zipo zenye Baba Krismasi aliyevaa joho la kahawia au la zambarau badala ya jekundu. Moja, yenye mhuri wa 1905, imeandikwa kwa wino juu ya picha yenyewe hadi ikaharibika, na nyuma yake hakuna kitu ila anwani ya mtu wa Philadelphia. Nyingi zina maneno ya Kiingereza lakini pembeni pameandikwa kwamba zilichapishwa Ujerumani, jambo linalonifanya nidhani ni za kughushi. Iliyotushtua zaidi ina shetani mwenye pembe na ulimi mrefu aliyebeba watoto kapuni. Dada yangu anataka ichomwe moto kabla haijatuletea balaa. Nyingine ina nguruwe katikati ya uyoga mwekundu, na nyingine msichana aliyekumbatia samaki. Ujumbe niliofanikiwa kuusoma unakatisha tamaa: ‘Nimefika salama. Nitakuja Alhamisi kwa treni ya saa nne. Bertha hajambo sasa.’ Je, kadi hizi zina hadithi yoyote? Zina thamani? Tuzifanyeje?”

Jibu:

Ndugu msomaji, pokeeni pole zangu kwa msiba, na kabla ya jambo lolote mwombe dada yako aweke kiberiti chini. Kadi anayotaka kuichoma huenda ndiyo inayotafutwa zaidi na wakusanyaji katika albamu nzima, na haina uhusiano wowote na uchawi. Nikiyapanga maelezo yako, naona mna hofu nne: kwamba kadi ni za kughushi, kwamba nyingine zimeharibiwa, kwamba mojawapo ina balaa, na kwamba zilizobaki hazina la kusimulia. Hofu zote hizo zimezaliwa na jambo moja, nalo ni kwamba mmezitazama kama picha tu. Kadi ya posta ni kitu kilichotengenezwa kiwandani, kikatozwa ushuru bandarini, kikauzwa dukani kwa senti chache, kisha kikabebwa na posta kwa masharti maalumu. Na mengi mnayoyaona ya ajabu upande wa picha yaliamuliwa na watu wa posta, wa forodha na wa kiwandani, wala si na mchoraji.

Nianze na ile ya 1905, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango wa nyingine zote. Haikuharibiwa na mtu. Kadi ya kwanza ya posta ilitolewa na posta ya Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, baada ya mwalimu wa uchumi aitwaye Emanuel Herrmann kuandika gazetini kwamba ni upotevu wa fedha na muda kuzifunga salamu za mistari miwili ndani ya bahasha na kuzilipia kama barua kamili. Kadi hiyo haikuwa na picha hata kidogo: upande mmoja ulikuwa wa anwani, na upande wa pili wa ujumbe. Marekani ilifuata mwaka 1873, na kwa muda mrefu nauli nafuu ya senti 1 ilikuwa haki ya kadi zilizotolewa na serikali peke yake. Sheria ya Bunge la Marekani ya tarehe 19 Mei 1898 ndiyo iliyoziruhusu kadi za wachapishaji binafsi, zenye picha za kila namna, zisafiri kwa senti hiyohiyo. Ndiyo sababu baadhi ya kadi za miaka ile zina maneno “Private Mailing Card” na tarehe ya sheria hiyo mgongoni. Sharti moja, hata hivyo, lilibaki palepale, kwamba upande wa anwani ni wa anwani tu. Aliyetaka kuongeza neno alilazimika kulibana upande wa picha, kando ya theluji, juu ya paa la kanisa au hata juu ya uso wa mtoto. Sharti hilo lilidumu Marekani hadi tarehe 1 Machi 1907, siku ambayo mgongo wa kadi uliruhusiwa kugawanywa kwa mstari, kushoto ujumbe na kulia anwani. Uingereza ilikuwa imekwisha kuruhusu hivyo tangu 1902. Kwa hiyo aliyemwandikia mtu wa Philadelphia mwaka 1905 alikuwa akitii sheria, na wino ule uliomwagika juu ya picha ndio ushahidi bora kuliko wote kwamba kadi hiyo ni ya wakati wake.

Hapo mmepata chombo cha kwanza cha kukadiria umri. Zigeuzeni kadi zote 64, mziangalie migongo kabla ya nyuso. Ya Marekani isiyo na mstari wa kugawanya kwa kawaida imechapishwa kabla ya Machi 1907. Yenye mstari ni ya baadaye. Nasema kwa kawaida kwa sababu wenye maduka hawakutupa bidhaa zao siku sheria ilipobadilika, na kadi ya zamani iliweza kukaa rafuni miaka kadhaa kabla ya kununuliwa. Vivyo hivyo mhuri wa posta hukuambia siku kadi iliyosafiri na si siku ilipochapishwa. Stempu nayo husaidia: kadi ya kawaida ya Marekani ililipiwa senti 1, lakini kuanzia Novemba 1917 hadi mwisho wa Juni 1919, kwa ajili ya gharama za vita, nauli ilikuwa senti 2. Uingereza nauli ilikuwa nusu peni hadi Juni 1918, ilipopanda kuwa peni moja. Mkiona senti 2 kwenye kadi ya Krismasi ambayo mhuri wake umefutika, mna sababu nzuri ya kuanza kufikiria 1917 au 1918, ingawa nauli hiyo ilirudi tena kwa muda katika miaka ya 1920.

Sasa tuje kwenye maandishi ya Ujerumani yaliyokutia shaka. Hapa shaka yako imeelekea upande usiostahili: kadi ya Kiingereza ya mwaka 1908 ambayo imechapishwa Ujerumani ndiyo ya kawaida. Uchapaji wa rangi kwa mawe, yaani kromolithografia, ulifikia kilele chake katika viwanda vya Ujerumani, na wachapishaji wa London na New York, wakiwemo Raphael Tuck & Sons, walipeleka michoro yao huko ikachapwe, kisha wakaiagiza kwa makreti. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 iliagiza bidhaa zinazoingia zioneshe nchi zilikotoka, ndiyo maana mnakuta maneno madogo yanayotaja Ujerumani, au pengine majimbo yake ya Saksonia au Bavaria, yamejificha kwenye ukingo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe la chokaa laini, lililo bora zaidi likichimbwa Solnhofen huko Bavaria, lilisuguliwa hadi likawa sawa kama kioo. Fundi alilichora kwa kalamu ya mafuta, akalilowesha maji, kisha akapitisha wino wenye mafuta. Maji na mafuta havipatani, hivyo wino ulishika palipochorwa tu. Alois Senefelder aliigundua njia hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Kwa picha ya rangi kulihitajika jiwe moja kwa kila rangi, na kadi nzuri ya Krismasi ilipita mashineni mara kumi au zaidi, kila mara ikilazimika kukaa mahali pake bila kuhama hata unywele mmoja. Mtu aliyezigawa rangi hizo alitumia macho yake tu, akadondoa nukta kwa mkono, nyingi mahali penye kivuli na chache penye mwanga. Baada ya wino kukauka, kadi iligandamizwa kati ya vibao viwili vya chuma ili ndevu, maua na kengele vivimbe.

Chukua lenzi inayokuza mara 10, uiweke juu ya mkono wa lile joho la kahawia. Ikiwa kadi ni ya kromolithografia hutaona kahawia. Utaona nukta nyekundu, za manjano, za waridi na za bluu, zisizolingana ukubwa, zimetawanyika kama mtama uliomwagwa, na mahali pengine utaona rangi moja imechungulia nje ya mpaka wake kwa sababu jiwe moja lilikaa kombo kidogo. Nakala ya kisasa huonesha nukta ndogo zilizopangwa kwa utaratibu wa mashine, kama vijiua vinavyofanana. Kuwa mwangalifu, kwani wachapishaji wa zamani nao walianza mapema kutumia nukta za mashine, hasa kwenye kadi za mandhari, kwa hiyo kipimo hicho kimoja hakitoshi kuihukumu kadi. Kiongezee kingine: ingia chumba chenye giza ukiwa na ile taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hubaki imefifia chini ya mwanga huo, wakati karatasi nyingi za miaka ya 1950 na kuendelea zina dawa ya kung’arisha inayozifanya ziwake weupe wa bluu. Kisha pitisha kidole mgongoni. Kadi iliyogandamizwa kwelikweli ina mabonde nyuma pale ilipo na vilima mbele.

Neema hiyo ya Wajerumani haikudumu. Ushuru mpya wa Marekani wa 1909 uliipandisha bei ya kadi za kigeni, na vita vya 1914 vikakata njia kabisa. Mchoraji Ellen Clapsaddle, ambaye michoro yake ya watoto wenye mashavu mekundu huhesabiwa kwa maelfu na ambaye jina lake huenda mkalikuta limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kadi zenu za Pasaka au Halloween, husimuliwa kwamba alikuwa Ujerumani vita vilipolipuka. Biashara yake na ya washirika wake ilianguka. Kadi za Marekani zilizofuata, za takriban 1915 hadi 1930, hutambulika kwa ukingo mweupe uliozunguka picha na rangi zilizopooza. Kwa maoni yangu hata mtoto angeona tofauti akiziweka mbili hizo pamoja mezani.

Kuhusu Baba Krismasi, wengi hudhani joho jekundu lilibuniwa na tangazo la Coca-Cola. Kampuni hiyo ilianza kutumia michoro ya Haddon Sundblom mwaka 1931, na ilisaidia sana kuisambaza sura ya mzee mnene mwenye kicheko, lakini wekundu ulikuwepo kwenye kadi miaka mingi kabla yake. Kilichokuwa hakijaamuliwa ni rangi moja. Mzee huyo ana mababu kadhaa: Nikolai Mtakatifu aliyevaa kiaskofu, mzee wa Kijerumani wa msituni aitwaye Weihnachtsmann, mzee wa Kiingereza wa karamu za majira ya baridi, na mzee mfupi wa Marekani aliyechorwa na Thomas Nast magazetini kuanzia 1863. Kila mchapaji alichagua babu aliyempenda, akamvisha kahawia, kijani, bluu au zambarau kulingana na mawe aliyokuwa nayo mezani. Leo wakusanyaji huzitafuta hasa hizo zisizo nyekundu, kwa hiyo zenu msizibandike ukutani.

Na sasa yule mwenye pembe. Anaitwa Krampus, na kama kadi yenu ni ya kawaida, mtakuta maneno “Gruss vom Krampus”, yaani salamu kutoka kwa Krampus. Katika Austria, Bavaria na nchi jirani za milima ya Alpi, mkesha wa sikukuu ya Nikolai Mtakatifu, tarehe 5 Desemba, watoto waliambiwa kwamba askofu mwema atapita na zawadi, na nyuma yake atafuata Krampus akiwa na minyororo, fimbo za matawi na kapu la kuwabebea watukutu. Nasi tumelelewa na zimwi linalowachukua watoto wasiotaka kulala. Huyu ni ndugu yake wa mbali, tofauti ikiwa kwamba yeye alichapishwa kwa wino mwekundu akauzwa dukani. Watu wazima walitumiana kadi hizo kwa utani, na zipo ambazo Krampus anatumia kapu lake kuwachukua wanaume wabaya, au anapigishwa magoti na mwanamke mrembo. Mtumaji alikusudia kicheko. Kama dada yako atauliza kwa nini sikukuu ya mtakatifu iwe na kiumbe wa namna hiyo, mwambie kwamba kwa wazazi wa huko zawadi bila kitisho ilikuwa nusu ya malezi.

Nguruwe na uyoga ni habari fupi. Kwa Wajerumani vyote viwili ni alama za bahati njema ya Mwaka Mpya, pamoja na kiatu cha farasi, jani la klova lenye ncha nne na mfagia mabomba ya moshi. Aliyekuwa na nguruwe alikuwa na akiba ya mwaka. Uyoga huo mwekundu wenye madoa meupe una sumu, jambo ambalo halikuwazuia kuuchora kila mahali. Msichana mwenye samaki, naye, karibu bila shaka ni Mfaransa wa tarehe 1 Aprili: kile tunachokiita Sikukuu ya Wajinga, Ufaransa huitwa samaki wa Aprili, na kadi hizo mara nyingi zilitumwa bila jina ili mpokeaji akisie nani anampenda. Na iwapo miongoni mwa kadi zenu za Kiingereza kuna ndege mdogo mwenye kifua chekundu, fahamuni kwamba watarishi wa posta wa Uingereza enzi za Malkia Victoria walivaa makoti mekundu na walitaniwa kwa jina la ndege huyo. Ndege aliyeshika barua mdomoni ni tarishi mwenyewe.

Umesema ujumbe unakatisha tamaa. Mimi nauona kinyume. Ulitarajia mashairi, lakini kadi ya posta ilifanya kazi inayofanywa leo na ujumbe mfupi wa simu. Katika miji mikubwa kama London tarishi alipita mara kadhaa kwa siku, hivyo mtu aliweza kuandika asubuhi kwamba atafika jioni. Marekani peke yake, katika mwaka wa serikali ulioishia tarehe 30 Juni 1908, posta ilibeba kadi zaidi ya milioni 677, wakati wananchi wote hawakufika milioni 90. Na kwa kuwa kila mtu njiani, kuanzia karani hadi mpangishaji, aliweza kuisoma, watu walijifunza kusema machache. “Bertha hajambo sasa” maana yake ni kwamba Bertha alikuwa mgonjwa, kwamba mpokeaji alijua, na kwamba alikuwa akingojea habari. Neno “sasa” limebeba mzigo wote.

Hadithi hiyo inaweza kufuatiliwa. Mna jina la mpokeaji, mtaa na tarehe. Kumbukumbu za sensa za Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, na zile za Uingereza na Wales baada ya miaka 100, kwa hiyo sensa ya Marekani ya 1910 na ya Uingereza ya 1911 ziko wazi kusomwa. Tafuteni anwani kwanza, kisha jina, kwa sababu majina yaliandikwa ovyo na makarani lakini nyumba haikuhama. Tahadhari mbili: msiamini kila aliyetajwa ni ndugu, na msijenge mapenzi ya siri juu ya stempu iliyobandikwa kombo. Ni kweli kulikuwa na “lugha ya stempu”, yaani kupeleka ujumbe wa siri kwa namna stempu ilivyoinamishwa, lakini miongozo yake ilipingana, na mara nyingi stempu iliyopinda inaonesha tu mtu aliyekuwa na haraka.

Kuhusu thamani, nitasema wazi. Kadi nyingi za maua, kengele na vifaranga vya Pasaka zilichapishwa kwa mamilioni, nazo kwa mauzo hazina uzito mkubwa. Zinazotafutwa ni za Krampus, za Halloween za mchapishaji John Winsch wa New York, za Baba Krismasi asiye mwekundu, zile zilizotobolewa ili madirisha yawake ukiziinua mbele ya taa, picha halisi za kamera zilizochapwa kwenye karatasi ya kadi, na zile za karakana ya Wiener Werkstätte ya Vienna, iliyotoa takriban kadi 1,000 zenye namba kuanzia 1907. Pembe zilizovunjika, mikunjo na gundi hupunguza bei haraka. Mhuri na maandishi havipunguzi daima, na kwa mtafiti huongeza.

Usikubali ushauri wa kuzipaka plastiki ya moto, kuzifuta kwa kitambaa chenye maji wala kuzibandika kwa utepe. Kabla ya kuzichomoa, piga picha kila ukurasa wa albamu, kwa kuwa mpangilio alioufuata mjomba wako huenda unaonesha bandari alizozipitia na mwaka alioupata kila kadi. Niliwahi kuichambua albamu ya mteja kwa kupanga kadi kwa sikukuu, nikidhani nafanya usafi, na sikuweza tena kujua zipi zilikuwa zimekaa pamoja. Bado naona haya. Zile zinazoteleza kwenye vishikizo vya pembe zitoeni, mziweke moja moja katika mifuko ya poliesta au polipropilini, isiyo ya plastiki laini yenye harufu, na mziweke mahali pakavu pasipo jua. Alama zozote ziandikwe kwa penseli laini kwenye bahasha ya nje, wala si kwenye kadi.

Zilizogandishwa kwa gundi msizivute. Hapo ndipo mnapohitaji mtu wa ana kwa ana, yaani mtaalamu wa kuhifadhi karatasi anayefanya kazi na makumbusho au nyaraka za taifa, na vilevile mkiona ukungu, vumbi jeusi linaloenea au wadudu. Kwa kadi za Kijerumani zenye mwandiko uliojaa vijiti vikali msivyoweza kuvisoma, hata anayejua Kijerumani anaweza kushindwa, kwa sababu huo ni mwandiko wa kale uliokoma kufundishwa shuleni mwaka 1941. Tafuteni anayeusoma hasa. Kwa bei, mpelekeeni mtathmini ambaye hanunui, au angalau wawili wanaonunua, na msimwachie albamu alale nayo.

Na kama dada yako bado hataki kulala nyumba moja na Krampus, mpeni jirani aitunze kadi hiyo ndani ya bahasha, mbali na jua, hadi mtathmini aione.